Darubini Juu ya Gobori

Mtu wa Kilosa aliyekwisha kuona picha za wawindaji wa Ulaya aweza kuuliza kwa nini wazee wa Usagara hawakufunga darubini juu ya magobori yao. Swali hili si la mzaha. Jawabu lake limo katika kasiba, na katika mkataba uliotiwa sahihi mbali sana na Mto Mkondoa.

Gobori hushindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha kitambaa, kisha risasi, na mdeki huvikaza vyote. Kasiba yake ndani ni laini tupu. Risasi ya duara huwa ndogo kidogo kuliko tundu, nayo hutoka ikigonga huku na huku, hata kwa hatua mia mwindaji hajui itaangukia wapi. Darubini humwonyesha mnyama vizuri, lakini haiinyoshi risasi. Tena katika gumegume cheche za jiwe huwasha kwanza baruti ya nje, na moshi humfumba mpigaji macho. Kwa hiyo mwindaji hodari alinyatia, upepo ukimjia usoni, mpaka amemkaribia mnyama.

Bunduki ya kushindilia iliyostahili darubini ilikuwako. Katika vita vya Marekani vya 1861 hata 1865, walengaji wa majimbo ya kusini walitumia bunduki za Whitworth kutoka Uingereza. Ndani ya kasiba zilikuwa na pembe sita zilizozunguka kama parafujo, risasi ikatoka ikizunguka na kushika njia moja. Nyingine zilifungiwa darubini ubavuni.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalipatana Brussels kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba wao ulizuia bunduki zenye mifuo na za namna mpya katika Afrika, tangu latitudo 20 kaskazini hata 22 kusini; gumegume za kasiba laini, na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa kwa uangalizi wa serikali. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, maana washika watumwa waliishi kwa bunduki. Lakini msafiri mwenye kibali aliruhusiwa silaha yake nzuri. Basi twaona ya kuwa mkataba huo uliamua pia nani atalenga mbali, na nani atalenga karibu. Mwaka 1896 Gavana Wissmann akaongeza amri ya uwindaji yenye kudai cheti.

Mikumi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na humo haruhusiwi mtu kuwinda kwa gobori wala kwa bunduki yenye darubini. Magobori ya vijijini, hata yale ya wahunzi yaliyoundwa kwa mabomba, yamo chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015.