Hasheem Thabeet: alishindwa, au alikuwa anatafuta?

Wadau, jina la Hasheem Thabeet likitajwa kijiweni, hakosi mtu wa kusema: "Si yule aliyeshindwa Marekani?" Leo tuliangalie hilo neno "alishindwa", halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Kwanza historia. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaucheza tangu utotoni. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Juni 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mtanzania wa kwanza NBA!

Balaa likaanzia hapo hapo. Anayechaguliwa wa pili anategemewa awe nyota, hapewi muda wa kujifunza. Februari 2010 Memphis walimpeleka ligi ya chini akajinoe, na hadi wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Mwaka 2011 akauzwa Houston, 2012 akaenda Portland, kisha Oklahoma City hadi 2014. Jumla mechi 224, wastani wa pointi 2.2. NBA ikaishia hapo.

Sasa, sisi wa Samuye tuna ndugu waliokwenda Geita na Kahama kuchimba dhahabu. Duara likigoma, mtu anabeba sururu yake anafuata rashi nyingine. Hatusemi kashindwa, tunasema anatafuta. Hasheem naye alitafuta: Grand Rapids ya ligi ya chini, Yokohama kule Japani, Fort Wayne, Taiwan, mwishowe nyumbani na Dar City. Zaidi ya miaka 10 baada ya mlango mkubwa kufungwa, bado alikuwa anavaa jezi.

Ile namba mbili hakujipa yeye. Walimpa wao, walipoona urefu wa sentimita 221 na mikono inayozuia kila mpira wa wanafunzi wenzake. Ilipowashinda hesabu, deni likaandikwa kwa jina lake, na sisi tukalipokea bila kuuliza.

Haya wadau, mnasemaje?