Nguzo za Mkunazini zilizopinduliwa

Krismasi ya mwaka 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la fahari la masultani wa Zanzibar, iliporomoka. Mwendo mfupi kutoka hapo, Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana lingali limesimama. Jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873.

Sisi wa Ituri, mashariki mwa Kongo, tuna hisa katika habari hii. Kiswahili kinachosikika Marabo, kwenye barabara ya Bunia hadi Komanda, kilifika na misafara ya watu wa pwani, na baadhi ya misafara hiyo ilirudi na mateka. Kanisa la Mkunazini lilijengwa penye soko la watumwa, lililofungwa mwaka uleule wa 1873.

Askofu Edward Steere alitaka umbo la basilika. Kwa Warumi hilo lilikuwa jumba refu la mahakama na biashara. Kaizari Konstantino alipowapa Wakristo uhuru wa kuabudu mwaka 313, walilichukua: ukumbi wa kati, safu za nguzo ubavuni, na mwishoni apsi, ile nusu duara alipokaa askofu. Mbele ya mlango palikuwa na narteksi, sebule ya waliokuwa hawajabatizwa. Madhabahu ya Mkunazini yamewekwa penye mti walipofungwa watumwa na kuchapwa viboko.

Lakini kinachosimuliwa zaidi ni nguzo. Katika ujenzi wa Warumi, nguzo ina kitako chini na taji juu, na taji ndilo hubeba mapambo. Wanaotembeza wageni husema Steere alisafiri, na aliporudi akakuta nguzo za upande wa mlango zimesimamishwa juu chini, taji sakafuni. Hakuzibomoa. Wageni hucheka, na kicheko chote huwaangukia mafundi. Mimi naona hawatendewi haki. Mtu aliyejenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa maisha yake yote angejuaje taji la Kirumi, na mwenye kazi yuko safarini? Zaidi ya hayo, mzigo umebebwa vilevile.

Paa nalo lilizua maneno. Ni tao refu mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wengi walitabiri litawaangukia waumini. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, na paa halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Sultani Barghash, inasimuliwa, alitoa saa ya mnara kwa sharti kwamba mnara usilizidi jumba lake kwa urefu.

Mwaka 1998 iliwekwa uani sanamu ya watumwa wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs. Wageni wengi huipiga picha wakaondoka. Wachache huuliza habari za wale mafundi, na simulizi ya nguzo haimtaji kwa jina hata mmoja wao.