Ngitili: Mali Isiyopita Katika Mizani ya Pamba

Ndugu wanachama, kitabu hiki cha miaka kumi ya Muungano wetu kimejaa hesabu za pamba, nasi tuna haki ya kujivunia hesabu hizo. Lakini iko mali ya mkulima wa Usukuma ambayo haipiti ghalani wala karani haiandiki, nayo ni ngitili.

Msukuma hahitaji kuelezwa. Naandika kwa ajili ya maofisa wageni. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zianzapo, ng'ombe wasiyakanyage, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi majani yanapokwisha kwingineko.

Mali hii iliharibiwa kwa hesabu ya upande mmoja. Tangu miaka ya 1920 watu waliitwa na watemi wao kukata misitu ya Shinyanga ili mbung'o wafe. Bwana C. F. M. Swynnerton aliongoza utafiti wa mdudu huyo hapo Shinyanga tangu 1929 mpaka alipofariki mwaka 1938. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakapona nagana. Faida hiyo ilikuwa ya kweli, ila hakuna aliyeandika gharama yake: kuni, dawa, nyuki, udongo. Baadaye pamba ilidai mashamba mapya, mifugo ikaongezeka, na kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kukawatenga wengi na ngitili zao za zamani. Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

HASHI, ikisaidiwa na Norway, ilianza na bustani za miche. Lakini kilichostawi zaidi ni desturi ya wazee. Visiki na mizizi vilikuwa hai chini ya ardhi, na vilipopumzishwa vilichipua vyenyewe. Dagashida ilitunga sheria, sungusungu wakalinda. Kazi hiyo ilipomalizika mwaka 2004, eneo lilikuwa limepita hekta 300,000.

Ndipo wataalamu wakafanya kazi inayofanana na yetu makatibu. Waliwauliza wenyeji wanachotwaa katika ngitili: kuni, nguzo, majani ya kuezekea, asali, uyoga, dawa, malisho, kila kitu wakakitia bei. Taarifa yao ya mwaka 2005 ilionyesha thamani ya kama dola 14 kwa kila mtu kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa kama dola 8.50. Humo walikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege.

Tusirudie hesabu ya upande mmoja. Fisi nao walirudi, wakala kondoo. Hasara hiyo ilihesabiwa, ikaonekana ndogo kuliko faida. Tena mwenye ardhi kubwa hufaidi kuliko mwenye ekari mbili, na jambo hili bado halijatengenezwa.

Wanachama wa Bukombe, iliyotoka Shinyanga kuingia Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, wanaye mnunuzi mlangoni. Mchimbaji mdogo wa dhahabu anahitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke, naye hulipa taslimu. Simlaumu, kwani shimo lisilo na matimba huua watu. Lakini bei yake ni ya gogo peke yake. Majani ya kuezekea, mizinga ya nyuki na lishe ya ndama za miaka ijayo havimo katika bei hiyo, na mama wa nyumba ndiye atakayekwenda mbali kutafuta kuni.

Kwa sababu hiyo Halmashauri imekubali kwamba, kuanzia msimu ujao, kila chama cha msingi kiwe na daftari la pili kando ya lile la pamba. Humo itaandikwa ngitili ya kila mwanachama, ukubwa wake, na alichokitwaa humo mwaka mzima kwa bei ya mnada wa karibu. Makarani watapewa daftari hizo kabla ya mvua za vuli.