Mpanda ilivyowalilia wakongwe wa dansi

Mwanamuziki King Kiki alipofariki dunia jijini Dar es Salaam Novemba 15, 2024, akiwa na miaka 77, habari ilifika Mpanda siku hiyohiyo, kama ilivyofika kila penye mtandao wa simu. Kwa mkoa wetu wa Katavi msiba ule ulikuwa na ujirani ndani yake. Kikumbi Mwanza Mpango, kwa jina lake halisi, alizaliwa Lubumbashi, Kongo. Ukisimama Karema au Ikola, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na Kiswahili chenye lafudhi ya huko si kigeni kwa wavuvi wa mwambao ule. Halafu kuna wimbo wake, Kitambaa Cheupe. MC akiupiga wimbo huo, leso zinachomolewa mifukoni, akina mama wanavua mitandio, ukumbi mzima unapepea, hadi vijana ambao hawakuwahi kuiona bendi yake jukwaani.

Zamani kilio kilichelewa. Mpanda ni mji uliokuzwa na mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, na tawi la reli kutoka Kaliua lililofika hapo mwaka 1950. Gazeti lilisubiri treni. Kilichowahi ni Radio Tanzania Dar es Salaam, redio pekee ya Bara hadi miaka ya 1990 zilipoanza redio binafsi. Vijijini, kwenye mashamba ya tumbaku, betri zilizochoka zilianikwa juani mchana kutwa ili zivumilie mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwanza zililia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu wa Dodoma, kisha msomaji akataja yaliyotokea.

Hivyo ndivyo nchi ilivyopata habari ya mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 12, 1979. Taifa lilikuwa vitani na Idi Amin, na kila sikio lilikuwa redioni likisubiri habari za mstari wa mbele. Mbaraka alikuwa na miaka 34. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alipofariki Machi 1995 alikuwa na miaka 40. Vifo vya namna hiyo vilipokewa kwa mshtuko, kwa sababu watu waliona wamedhulumiwa nyimbo ambazo hazijatungwa bado.

Wakongwe waliofika uzeeni wanaliliwa vingine. Remmy Ongala aliondoka Desemba 2010, Bi Kidude wa taarabu Aprili 2013, Muhidin Gurumo Aprili 2014. Hapo kilio kinachanganyika na shukrani, na pia na aibu. Gurumo aliimba karibu nusu karne, tangu Nuta Jazz mwaka 1964, akapita Mlimani Park, akarudi Nuta, iliyokuja kuitwa Msondo, akastaafu mwaka 2013. Gari alilopewa baada ya kustaafu lilikuwa zawadi ya msanii kijana, Diamond Platnumz. Namshukuru kijana huyo kwa dhati, lakini swali linabaki palepale: jasho la miaka yote ile lilikwenda wapi? Nyimbo za kizazi chake zilirekodiwa redioni, zikapigwa mchana na usiku, na kanda zikanakiliwa na kuuzwa mitaani bila mtunzi kuona senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999, wengi walikuwa wameshazeeka au wameshazikwa.

Kwa mtu wa magharibi mwa nchi, msiba mzito kuliko yote hiyo ulikuwa wa Shem Karenga, na nadhani haukupewa uzito wake. Karenga alikuwa mtoto wa Kigoma aliyepata jina akiwa na Tabora Jazz, mtunzi wa Dada Asha. Kwa Mpanda, Tabora ndiko treni inakoelekea. Huko walisoma watoto wetu, na huko ndiko zilikotoka santuri na mitindo ya kucheza. Alifariki Dar es Salaam Desemba 2014, miezi minane tu baada ya Gurumo. Nchi ikamsikitikia kama mkongwe mmoja kati ya wengi. Huku kwetu, ambako Dada Asha ulikuwa wimbo wa nyumbani, alistahili matanga.

Hata hivyo Karenga alikuwa na bahati moja. Alirekodiwa. Tunamlilia kwa sababu sauti yake ipo, na Mzee Morris alisikika nchi nzima kwa sababu mtu wa redio aliziweka ngoma zake kwenye kanda. Katavi ina mafundi wa ngoma wa Kipimbwe, Kikonongo na Kibende, wazee ambao wakifariki wanazikwa na majirani na jioni hakuna redio ya kuwapigia wimbo wao wenyewe. Mkoa huu umesimama peke yake tangu mwaka 2012, una halmashauri zake na maofisa utamaduni wake. Simu inayotumika kutuma rambirambi inarekodi sauti pia. Maofisa hao na waende vijijini na simu hizo sasa, wawarekodi wazee wakiwa hai, waandike majina yao, ya vijiji vyao na ya nyimbo zao, na nakala wazipeleke kwenye maktaba za shule na redio za mkoa.