Waliochora Mstari wa Majivu

Msichana aliyekulia kwenye netiboli utamjua siku yake ya kwanza kwenye mpira wa kikapu. Mpira anaudaka kuliko mtu yeyote. Mikono yake kama ina ulimbo. Halafu anasimama. Mguu mmoja umeganda chini, macho yanatafuta wa kumpasia, na mbele yake uwanja uko wazi mpaka kwenye ringi. Akikaribia katikati anasita kabisa, utadhani kuna mtu kamwambia huko si kwenu.

Nimeliona jambo hilo mara nyingi Moshono, kwenye uwanja ambao timu ya wasichana ya chuo kimoja ilikuwa ikija kufanya mazoezi jioni. Kutoka mjini Arusha unapanda daladala, zile ambazo wengine bado tunaziita vifodi, unapita Kijenge, Mlima Meru ukiwa kushoto kwako, unashuka na vumbi lako kwenye raba. Mimi sikuwa mchezaji wa maana. Nilikuwa naandika pointi kwenye daftari, na kurasa za nyuma za daftari hilohilo naandika mashairi ambayo hakuna aliyeyaomba. Lakini mwandika pointi anakaa jirani na benchi la ufundi, na mambo mengi nimeyajulia hapo.

Benchi lenyewe lilikuwa la watu watatu. Kocha mkuu, kaka mmoja mwenye filimbi shingoni. Msaidizi wake, kaka mwingine. Na dada ambaye kwenye karatasi aliitwa meneja wa timu. Huyo dada ndiye aliyebeba maji, ndiye aliyehesabu jezi, ndiye aliyejua nani yuko kwenye siku zake na nani hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Wale makaka walipomfokea msichana aliyeganda katikati, "We vipi? Kimbia bwana!", yeye aliniambia mimi kwa sauti ya chini:

"Haogopi huyo, mdogo wangu. Kuna mstari pale."

Mstari gani? Uwanja wa kikapu una mstari wa kati, sawa, lakini kazi yake ni kukuzuia kurudi nyuma na mpira, si kwenda mbele. Dada alikuwa anausema mstari mwingine, ule wa majivu tuliochorewa shule ya msingi, unaoukata uwanja wa netiboli mafungu matatu. Ukiwa GK, fungu lako ni hilo moja la golini kwako. Ukivuka, filimbi. Msichana anacheza hivyo miaka saba, halafu anafika chuoni anaambiwa kimbia.

Nikaanza kuutafuta mstari huo ulikotoka. Nilidhani nitamkuta mzungu mmoja mwenye ndevu. Nikawakuta walimu wa michezo wa vyuo vya wasichana, tena wanawake wenyewe.

Desemba 1891 James Naismith, Mkanada aliyekuwa akifundisha kwenye chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani, alitundika makapu mawili ya matunda ukumbini na kuandika kanuni 13. Huo ndio mwanzo wa mpira wa kikapu, na kila mtu anaujua. Wasioujua wengi ni huu: mwezi uliofuata, Januari 1892, binti wa miaka 23 aitwaye Senda Berenson alianza kufundisha mazoezi ya viungo katika Smith College, chuo cha wanawake huko Northampton, si mbali na Springfield. Senda alizaliwa Lithuania, akahamia Boston akiwa mtoto, na alikuwa dhaifu wa mwili. Mazoezi aliyaendea kutafuta afya. Akasoma habari za mchezo wa Naismith, akawapelekea wasichana wake.

Tarehe 22 Machi 1893 mwaka wa kwanza wakapambana na mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia ukumbini. Mwalimu ni Senda, mrusha mpira ni Senda, mwenye kanuni ni Senda. Akarusha mpira wa kwanza, ukaugonga mkono wa mchezaji wa kati wa mwaka wa kwanza, bega likateguka. Wakamtoa, wakaingiza mwingine, wakaendelea. Mwaka wa pili wakashinda 5 kwa 4. Kila nikisoma habari hiyo nacheka peke yangu, Mungu anisamehe.

Kwa wasichana wake Senda aliugawa uwanja sehemu tatu, kila mchezaji na sehemu yake. Usimnyang'anye mwenzako mpira. Usidunde zaidi ya mara tatu. Usikae nao zaidi ya sekunde tatu. Zama zile mwanamke kukimbia na kutoka jasho lilikuwa jambo la kuitiwa daktari. Ilihofiwa atachoka kupita kiasi, ataharibika tabia. Sina haraka ya kumlaumu. Naona alichora mstari ili mlango wa ukumbi usifungwe. Bila mstari ule huenda wazazi wangewaita binti zao nyumbani, na mimi leo nisingekuwa na cha kuandika. Ila mstari ukishachorwa na mwalimu mwema, kuufuta ni kazi.

Ukavuka bahari. Uingereza kulikuwa na Martina Bergman-Österberg, Mswidi, mwenye chuo cha kufundisha walimu wa kike wa mazoezi, kwanza Hampstead, kisha Dartford kuanzia 1895. Mchezo uliwafikia wanafunzi wake miaka hiyo ya 1890. Kapu likawa ringi yenye wavu, kudunda kukapotea njiani, mafungu matatu yakabaki. Mwaka 1901 kanuni zikachapishwa, na jina likawa netiboli. Walimu wa namna hiyo wakasambaa kwenye shule za wasichana, na ilikopepea bendera ya Mwingereza netiboli ikafuata, hadi kwenye viwanja vyetu. Marekani wao waliufuta taratibu: mwaka 1938 sehemu tatu zikawa mbili, na ni mwaka 1971 tu ndipo wasichana wa vyuo walipoanza kucheza watano kwa watano uwanja mzima. Huku kwetu, nenda UMITASHUMTA, nenda UMISSETA, GK yuko kwenye fungu lake. Sisemi netiboli ni mchezo mbaya. Ukinitukania netiboli tutagombana. Nasema tu kwamba tulirithi mstari bila kuambiwa ulichorwa kwa sababu gani.

Nilimpelekea dada habari za Senda, akasikiliza huku anakunja jezi. Za Pat Summitt ndizo zilizomsimamisha. Pat alikabidhiwa timu ya wasichana ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974, ana miaka 22, baadhi ya wachezaji wanakaribia umri wake. Mshahara dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliendesha mwenyewe, jezi alifua mwenyewe, na mechi ya kwanza akafungwa na Mercer 84 kwa 83. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa ameshinda mechi 1,098 na ubingwa wa taifa wa vyuo mara 8.

"Kumbe na yeye alifua jezi," dada akasema. Basi, hakuuliza kingine.

Kuna jambo sikumwambia siku ile. Mwaka 1972 Marekani walipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Wakati huo, katika kila timu 10 za wanawake vyuoni, michezo yote ukiijumlisha, zaidi ya 9 zilifundishwa na wanawake. Sheria ikaleta viwanja, safari na mishahara ya kueleweka. Kufikia 2014 timu zenye kocha mkuu mwanamke zilikuwa kama asilimia 43. Pesa ilipoingia, wanaume wakagundua ghafla kwamba wanaupenda sana mchezo wa wasichana.

Wala sisemi mwanaume hawezi. Kijiweni kila mtu anamjua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009 akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Waulize hao hao kuhusu wasichana wa chuo hicho: msimu uleule wa 2009 walicheza mechi 39, wakashinda 39. Kocha wao, Geno Auriemma, ni mwanaume. Lakini alipoanza kazi mwaka 1985 alianza na Chris Dailey, mwanamke, na miaka yote hiyo Dailey alikuwa kwenye benchi lile kama kocha. Aliandikwa kocha. Hapo ndipo tofauti yake na dada yetu ilipo.

Na si lazima twende Marekani. Kigali ni hapo tu, ukivuka Rusumo. Agosti 2021 Liz Mills, Mwaustralia, aliisimamia timu ya wanaume ya Kenya kwenye AfroBasket pale Kigali, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika mashindano hayo. Februari ya mwaka huo Kenya yake ilikuwa imeifunga Angola 74 kwa 73. Mwaka 2023, Kigali hapohapo, Rena Wakama aliipa Nigeria ubingwa wa wanawake wa Afrika. Mashindano yalianza 1966, na hakuna kocha mkuu mwanamke aliyekuwa amelichukua kombe kabla yake. Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya Paris, akaifikisha Nigeria robo fainali, mahali ambapo hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya kike wala ya kiume, iliyokuwa imefika.

Narudi Moshono. Kuna wiki makaka wote wawili hawakutokea, walikuwa na mambo yao. Dada akaja na ndoo ya majivu kutoka kwa mama ntilie. Juu ya uwanja wa kikapu akachora mafungu matatu ya netiboli, kama ya shuleni. Akamwambia kila msichana asimame pale alipokuwa akicheza zamani. Wakasimama, wanacheka, GK kule, GS huku. Akawaangalia kidogo.

"Haya, vukeni."

Hakuna aliyevuka. Nakuapia, msomaji, walisimama watu wazima, wanafunzi wa chuo, wakatazamana. Kisha binti mmoja mrefu akadunda mpira akapita mstari wa kwanza, akapita wa pili, wenzake wakamfuata wakipiga kelele, na hadi jua linazama majivu yote yalikuwa kwenye raba zao.

Wiki iliyofuata ikaja fomu ya kusajili timu kwa mashindano ya vyuo. Wakanipa mimi niijaze, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Kocha mkuu, jina. Kocha msaidizi, jina. Nilipofika kwa dada nikaandika nilichoambiwa: meneja. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na sikuuliza.

Jioni ile nilimkuta anaosha chupa za maji.

"Hivi yule Senda wako," akasema, "kweli aliwafungia wanaume nje?"

"Kweli, dada."

Akawatazama vijana wa bodaboda waliojipanga pembeni ya uwanja, wamekalia pikipiki zao, kila mmoja ana la kumwelekeza mchezaji.

"Sisi hata ukuta hatuna," akasema, akachukua ndoo yake.