Mbona GIMP inagoma? Jibu liko kwenye historia

Ndugu zetu, wengi mnatuuliza: kwenye Linux GIMP inafunguka vizuri, mbona plagini zetu za mabango hazionekani tena? Tuanzie 1995.

Mwaka huo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuiandika programu hii ya picha. 1996 ikatoka kwa watu, na mwaka huohuo Larry Ewing akaitumia kumchora Tux, yule pengwini wa Linux. Lakini madirisha na vitufe vyake vilitegemea Motif, mali ya watu, ya kulipia. Mattis akaona isiwe tabu, akatengeneza vya kwao: GTK.

Sasa, msingi ukibadilishwa, nyumba hutikisika. GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, ilihamia GTK 3 na Python 3. Plagini za zamani za Python 2 haizisomi tena. Kumbe kompyuta yako si mbovu! Usifute kitu. Fungua terminali, andika gimp, bonyeza Enter, soma maneno yanayotoka. Mara nyingi yanaitaja plagini yenyewe. Kisha tafuta toleo lake jipya.

Likikosekana, msimbo wake uko wazi, tunaweza kuurekebisha wenyewe. Hapa kambini bango la chanjo au la masomo ya jioni haliwezi kungoja fundi wa mjini. Ukikwama, tuletee yale maneno kama yalivyo, tuyasome pamoja.