Hospitali ya Watoto ya Nelson Mandela: Wakfu wa Johannesburg

Jamaa wengi wa ukoo wetu, wakisikia neno wakfu, fikira zao huenda Unguja, Mombasa au Lamu: msikiti wenye minazi yake, kisima cha njiani, nyumba ambayo kodi yake hununua mafuta ya taa na kumlipa mwalimu wa chuo. Leo nawaomba tusafiri kusini zaidi, hadi Johannesburg, mji uliozaliwa mwaka 1886 kwa ajili ya dhahabu. Huko kumesimamishwa hospitali ambayo wenyewe hawaiiti wakfu, lakini habari zake zinafanana mno na zile tulizorithi kwa wazee wetu.

Mwaka 1995, akiwa bado mgeni katika kiti cha urais, Nelson Mandela aliasisi mfuko wa watoto uliopewa jina lake, akautengea theluthi ya mshahara wake. Katika mfuko huo ndimo lilimochipuka wazo la hospitali. Hakujaaliwa kuiona. Alifariki tarehe 5 Desemba 2013, na hospitali ikafunguliwa rasmi tarehe 2 Desemba 2016, katika mtaa wa Parktown, juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Ina vitanda 200, na ujenzi wake uligharimu yapata randi bilioni moja, zilizotoka kwa mashirika ya hisani, kwa makampuni na kwa watu wa kawaida waliotoa walichokuwa nacho. Haikujengwa kutafuta faida.

Huenda msomaji akauliza: mji mkubwa namna ile, wenye hospitali za kila aina, ulikuwa na haja gani ya nyingine? Jibu liko katika historia yake. Johannesburg iliwahi kuwa na hospitali ya watoto peke yao, iliyojengwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kuwa ukumbusho wa askari wa Transvaal waliokufa vitani. Ilitumika hadi mwaka 1978, ndipo huduma zake zikahamishiwa katika hospitali kuu mpya ya Parktown, ile ambayo leo inaitwa Charlotte Maxeke. Tangu hapo mji ukakaa karibu miaka 40 bila hospitali iliyokusudiwa watoto tu, ilhali Cape Town walikuwa na ya kwao tangu mwaka 1956.

Hiyo hospitali mpya ya mwaka 1978 ilikuwa ya Wazungu. Jengo lilikuwa kubwa mno, na vitanda vingi vilikaa vitupu, huku kule Baragwanath, upande wa Soweto, wagonjwa weusi wakilazwa sakafuni kwa kukosa nafasi. Umbali baina ya hospitali hizo mbili ni wa safari fupi ya gari. Mlango wa hospitali za serikali ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1990 tu, mwaka ule ule Mandela alipotoka gerezani.

Sisi watu wa pwani tunayo sababu ya kuifahamu habari hii kwa undani, kwani mgawanyo ule uliwafikia hata watu wanaobeba jina la Zanzibar. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Kiingereza zilipeleka Durban watumwa waliokombolewa majahazini, wapatao mia tano kwa jumla. Wengi wao walikuwa Wamakua, na kwa kuwa walipitia Unguja wakaitwa Wazanzibari. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke fungu gani. Mwishowe ikawaandika kuwa Waasia wa aina nyingine, ikawahamishia Chatsworth, mtaa wa Wahindi! Ungecheka, lau si kwamba kwa kalamu hiyo hiyo karani aliamua mtu akae wapi, asome wapi, na akiugua mwanawe ampeleke wapi.

Nikitafuta mfano wa kwetu, namkumbuka Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyeziuzia bidhaa na kuzitafutia wapagazi safari za bara. Mwaka 1892 aliwapa Wajerumani jengo la shule kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa jamii zote. Alitoa pia mali kwa ajili ya hospitali, na ile ya Dar es Salaam ikaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1897. Lakini mtoaji akishazikwa, sharti lake humtegemea aliye hai. Katika mji huo huo wakoloni walijijengea hospitali yao ufukweni, wenye upepo mwanana, na ya Sewa Haji ikabaki ya Waafrika na Wahindi. Katika miaka ya 1950 ilijengwa hospitali nyingine kuchukua nafasi yake, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo. Jina la mzee huyo bado liko pale, juu ya jengo la wodi.

Kwa hiyo katika habari za Johannesburg kinachonivuta zaidi ni sharti, kuliko hata lile jengo zuri. Hospitali ya Mandela hupokea watoto wanaopelekwa na hospitali nyingine kwa maradhi mazito: moyo, figo, saratani, upasuaji wa ubongo. Hakuna mtoto anayerudishwa kwa sababu wazazi wake hawana cha kulipa. Hayo ni maneno makubwa, na kuyatimiza ni ghali. Ndiyo maana baada ya sherehe ya ufunguzi milango haikufunguliwa yote kwa mara moja. Wagonjwa walianza kupokewa mwaka 2017, ikiwa imekwisha pita zaidi ya miongo miwili tangu mfuko uanze kazi, idara moja baada ya nyingine, kwa kadiri wauguzi waliobobea katika matibabu ya watoto walivyopatikana.

Wazee wetu waliojua kuweka wakfu hawakutoa msikiti bila kuuwekea shamba. Jengo la Parktown limekwisha kulipiwa, lakini dawa, mashine na mishahara hulipwa kwa ruzuku ya serikali na kwa michango, na wadhamini wake hawana budi kuzitafuta fedha hizo upya kila mwaka.